Michoro ya ukutani ya kanisa la Pickering: ni ya karne ya 15 kweli, au ni kazi ya waliokarabati?

brashi_namba6

Salamu kwenu wapenzi wa majengo ya kale. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka kumi na saba, na sasa naifanya huku York, Uingereza: naandika majina ya maduka kwa brashi na kubandika karatasi ya dhahabu kwenye vioo. Historia ya makanisa sijaisomea. Lakini mstari wa brashi naujua, na ndiyo maana nina swali ambalo haliniachi tangu Jumamosi iliyopita.

Siku hiyo nilipanda basi hadi Pickering, mji mdogo wa Yorkshire ya Kaskazini. Abiria wengi walioshuka pale walikuwa wanawahi treni ya mvuke. Mimi nikapanda ngazi nyuma ya maduka hadi kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Ukiwa nje huoni ajabu yoyote, ni mawe na mnara wenye ncha ndefu. Unaingilia mlango wa kusini. Nikavuka kizingiti, nikainua macho, na ukutani mbele yangu jitu limembeba mtoto begani linavuka mto. Nilisimama palepale mlangoni mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniomba njia.

Kuta zote mbili za ukumbi wa kanisa, juu ya matao na chini ya madirisha ya juu, zimejaa watu. Upande wa kaskazini Georgi yuko juu ya farasi anamchoma joka. Kristofa ndiye lile jitu. Herode amekaa karamuni, na katika picha hiyohiyo msichana anacheza na Yohane Mbatizaji anakatwa kichwa, kana kwamba ukuta hauna saa. Mfalme Edmund amefungwa kwenye mti, mishale imemjaa mwilini. Karibu yake Thomas Becket amepiga magoti na watu wanne wenye panga wamemjia. Upande wa kusini kuna Katarina wa Aleksandria na gurudumu lake, watu wanaolisha wenye njaa na kuwazika wafu, mateso ya Yesu, kisha Yesu anashuka kuzimu, na kuzimu kwenyewe ni mdomo wa joka uliofunguka.

Nilikaa saa moja na nusu. Nusu saa ya kwanza nilikuwa mtazamaji tu. Baada ya hapo macho ya kazi yakaamka. Mstari wa nje wa kila umbo una unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu anayechora haraka, brashi ikiwa imeshiba rangi, mstari wake huanza mnene na kuishia umekonda, na mahali fulani hukauka na kukwaruza. Hapa sikuona hivyo. Niliona mkono wa mtu anayefuatisha, anayeogopa kutoka nje ya alama iliyokuwepo. Na niliuona mkono huo kwenye kuta zote mbili.

Nikasoma karatasi ya maelezo: ilichorwa katikati ya karne ya 15, ikafunikwa kwa chokaa, ikaonekana tena mwaka 1852, ikafunikwa kwa mara nyingine, halafu ikakarabatiwa mwishoni mwa karne ya 19. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga vitabu vya nyimbo akaniambia kwa upole kwamba waliokarabati "walipaka sana". Moyo ulinishuka. Nilikuwa nimemtazama fundi wa miaka mia tano na zaidi iliyopita, nimeanza hata kumpenda, kumbe labda nilikuwa namtazama mtu wa zama za Malkia Victoria.

Sasa wenzangu mnaojua: kilicho cha kale pale ni kipi hasa? Kwa nini walifunika kwa chokaa, tena mara mbili? Na mtu asiyesomea mambo haya aanzie wapi kuisoma michoro ile, maana nataka kurudi.

---

kengele_ya_jioni

Kaka brashi, asante kwa kuniamshia kumbukumbu. Mimi nilipita Pickering miaka minne iliyopita nikiwa na kwaya yetu, na mimi pia nilikwama mlangoni, mbele ya Kristofa.

Hukukwama kwa bahati. Makanisa mengi ya Uingereza ya zama zile yalimchora Kristofa kwenye ukuta wa kaskazini, akiutazama mlango wa kusini ambao watu waliutumia kila siku, na walimchora mkubwa kupita watakatifu wengine wote. Waliamini kwamba atakayeiona sura yake siku hiyo hatakufa kifo kibaya, maana yake kifo cha ghafla bila kuungama na bila kasisi. Kwa hiyo mkulima aliweza kusukuma mlango, akamwona, akaenda zake shambani. Msafiri hivyohivyo. Ulisimama pale pale walipokuwa wakisimama wao.

Kuhusu kupakwa upya, mimi halinisumbui. Picha ipo, watu wanaiona, watoto wanauliza maswali. Ungependa ukuta mweupe?

---

chokaa_mbichi

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya lipu ya chokaa kwa miaka ishirini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo nilikuwa kwenye vikundi vinavyohifadhi kuta za makanisa ya vijijini Uingereza. Nikujibu kirefu, kwa sababu umeuliza kama fundi.

Macho yako hayakukudanganya. Pickering ilikarabatiwa kwa mkono mzito, na wanaosoma michoro ya ukutani wote hulisema hilo. Mistari mingi unayoiona ni ya karne ya 19. Lakini usikimbilie kusema basi yote ni ya Victoria.

Tuanze na chokaa, kwa sababu watu huiona kama adui tu. Mwaka 1547, Edward VI alipokuwa mfalme mtoto, serikali yake ilitoa maagizo kwamba picha zilizohusishwa na ushirikina ziondolewe makanisani, na kumbukumbu yake isibaki kwenye kuta wala kwenye vioo vya madirisha. Jiweke kwenye nafasi ya walinzi wa kanisa la kijiji, yaani waumini waliochaguliwa kusimamia mali na fedha za kanisa. Una kuta ndefu mbili zilizochorwa, na amri imefika. Kubomoa lipu yote ni gharama na vumbi la wiki nzima. Ndoo chache za chokaa na brashi pana ni kazi ya siku mbili. Wengi walichagua ndoo. Juu ya weupe ule baadaye wakaandika Amri Kumi au kuchora nembo ya mfalme. Hawakukusudia kuhifadhi chochote, ila chokaa ikafanya kazi ambayo hakuna aliyeituma: ikazuia mwanga, moshi na mikono ya watu kwa karne tatu.

Mambo hayakwenda sawa kila mahali. Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Salisbury lina mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho juu ya tao la mbele, wa mwishoni mwa karne ya 15. Ule ulifunikwa mwaka 1593, karibu miaka hamsini baada ya maagizo yale. Ukaonekana mwaka 1819, ukafunikwa tena, ukafunuliwa moja kwa moja mwaka 1881. Unaona kwamba Pickering si ya peke yake kwa kufunikwa mara mbili. Pale kwenu kasisi wa mwaka 1852 aliona picha zile zitawavuruga waumini badala ya kuwajenga, na kwake zilikuwa mabaki ya dini iliyokwisha kuachwa. Akaagiza chokaa. Ni kasisi mwingine aliyekuja kuanza kuifunua mwaka 1876, na kazi ya ukarabati ikaendelea hadi miaka ya 1890.

Sasa sikiliza jambo la kazi yetu. Waitalia walizoea kuchora lipu ikiwa bado mbichi, rangi ikakauka pamoja na chokaa ikawa kitu kimoja na ukuta. Uingereza sehemu kubwa walichora juu ya lipu iliyokwisha kauka, au juu ya koti jembamba la chokaa, kwa rangi za kawaida kabisa: udongo mwekundu, udongo wa manjano, chokaa yenyewe kwa weupe, masizi au mkaa kwa weusi. Buluu nzuri ilikuwa ghali, parokia nyingi hazikuigusa. Rangi ya namna hiyo imekaa juu ya ukuta kama ngozi. Ukikwangua koti la chokaa lililoifunika, sehemu ya ngozi inaondoka na kikwanguo. Nimeishika hali hiyo mkononi mwangu: kipande cha chokaa kinabanduka, ukikigeuza nyuma unakuta jicho la mtu limebaki kwenye kipande na si ukutani. Hakuna maneno ya kuelezea saa ile.

Kwa hiyo chukua Pickering: imefunikwa karne ya 16, imekwanguliwa 1852, imefunikwa, imekwanguliwa tena. Walichokikuta mafundi wa Victoria kwa vyovyote kilikuwa na mapengo. Leo sisi tungeacha pengo libaki pengo, tungejaza lipu yenye rangi tulivu na kuliacha jicho la mtazamaji limalizie. Wao waliona kanisa ni nyumba ya ibada na picha lazima isomeke kutoka kwenye benchi. Wakapita juu ya mistari na kujaza.

Nawalaumu? Ndiyo, nawalaumu kwa unene wa brashi. Ndugu kengele, hapo hatukubaliani. Ukipaka juu ya mkono wa mtu, umemnyang'anya kitu ambacho hakirudi. Wapo waliolisema hilo wakati uleule: mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, kwa hasira dhidi ya ukarabati uliokuwa unafuta ukale kwa jina la kuutengeneza. Na kulikuwa na mtindo mbaya zaidi, wa kung'oa lipu yote ya ndani ili mawe yaonekane, eti ndiyo sura ya kale. Watu wa zama za kati wasingelitambua kanisa lenye kuta za mawe matupu. Michoro iliyopotea kwa njia hiyo hakuna wa kuihesabu. Karne ya 20 nayo ikaja na kosa lake: Ernest Tristram, mtu aliyeijua michoro hii kuliko wengi na aliyeipenda kwa dhati, aliipaka nta ili kuilinda. Nta ikaziba unyevu ndani ya ukuta, ikanasa vumbi, picha zikawa nyeusi. Sisi tuliokuja baadaye tumetumia miaka kuitoa nta hiyo kwa pamba na subira.

Cha kale ni kipi, basi? Mpangilio. Nani yuko wapi, ukubwa gani, anamtazama nani. Kuta za ukumbi ziliinuliwa karne ya 15 ili kuweka madirisha ya juu, na michoro ikaja kujaza nafasi ile mpya. Tazama deraya ya Georgi na nguo za karamu ya Herode: ni mavazi ya Uingereza ya katikati ya karne ya 15, na ndiyo mojawapo ya njia za kukadiria umri wa kazi yenyewe. Sura na mistari ya nje usiiwekee imani kubwa.

Ukitaka kuona mkono ambao haujaguswa hivyo, nenda Chaldon, Surrey. Ni kanisa dogo sana, na ukuta wake wa magharibi una mchoro wa mwaka 1200 hivi, mweupe na manjano juu ya udongo mwekundu. Ngazi inapita katikati kutoka motoni kwenda juu, roho zinapanda na nyingine zinaanguka. Chini mkopesha fedha kwa riba ameketi ndani ya moto na mikoba yake, na karibu yake mashetani wawili wameshika daraja la miiba. Umbo limechorwa kwa mipigo michache tu. Wewe mwenye brashi utamwelewa mtu yule mara moja.

---

dada_katekista

Niongeze kidogo kuhusu kuisoma, maana mzee chokaa_mbichi ameshamaliza upande wa ukuta.

Kaka, ukirudi anza na ukuta wa kusini, na anza na matendo ya huruma. Sita yanatoka Mathayo 25: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwakaribisha wageni, kuwavika walio uchi, kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. La saba, kuwazika wafu, halimo katika orodha ya Mathayo. Liliongezwa kutoka kitabu cha Tobiti, ambaye aliwazika ndugu zake kwa siri na kuhatarisha maisha. Mtu wa Pickering aliyesimama chini ya picha ile alikuwa anaonyeshwa kazi ambazo angeweza kuzifanya jioni ileile. Katarina hawezi kumwiga, wala Georgi. Lakini kumpelekea mgonjwa maji anaweza. Na Mathayo 25 ni sura ya hukumu, alilijua hilo.

Halafu geuka kaskazini umtazame Becket kwa makini. Aliuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173, miaka miwili na kidogo tu baadaye. Ni askofu mkuu aliyempinga mfalme. Kwa sababu hiyo Henry VIII alimwandama kwa namna ya pekee: mwaka 1538 aliamuru picha zake ziondolewe na jina lake lifutwe hata kwenye vitabu vya sala. Picha ya Edmund ilipata miaka tisa zaidi ya amani kuliko ya jirani yake, hadi maagizo yale ya 1547.

Watu hupenda kunukuu kwamba picha ni vitabu vya wasiojua kusoma. Papa Gregori Mkuu aliandika maneno ya maana hiyo mwaka 600 hivi kwa askofu wa Marseille aliyekuwa anavunja picha. Mimi nakubali nusu. Mtu ambaye hajawahi kusimuliwa habari za Katarina hawezi kuzipata ukutani peke yake, ataona mwanamke na gurudumu. Walisimuliwa kwanza, kwenye mahubiri, kwenye sikukuu, na bibi zao. Ukuta ulikuwa unawakumbusha. Kwa hiyo usione vibaya kusoma kisa kwanza nyumbani halafu ndipo uende.

---

kengele_ya_jioni

Mzee chokaa_mbichi, nimesoma habari ya jicho lililobaki kwenye kipande cha chokaa, nimekaa nayo. Nilisema kupakwa upya hakunisumbui. Sasa kunanisumbua. Bado nashukuru picha ipo.

Swali dogo: fedha za kuchora ukumbi mzima zilitoka kwa nani? Kwa bwana mwenye ngome? Pale Pickering ngome iko karibu.

---

chokaa_mbichi

Kwa desturi ya Uingereza kanisa la parokia liligawanywa. Upande wa altare ulikuwa mzigo wa aliyepokea zaka za parokia. Ukumbi, yaani pale waumini waliposimama, ulikuwa mzigo wa waumini wenyewe, na walinzi wa kanisa ndio waliokusanya: michango, wosia wa wafu, mara nyingine pombe iliyouzwa siku ya karamu ya parokia. Mahali pengine tajiri mmoja alibeba yote. Fairford, Gloucestershire, John Tame aliyefanya biashara ya sufi alianza kulijenga kanisa upya, na madirisha yake 28 ya vioo vya rangi ya zama zile yamebaki kwa ukamilifu ambao parokia nyingine ya Uingereza haina. Lakini popote, ukumbi ulikuwa mali ya watu. Ndiyo maana nauheshimu ukuta wa ukumbi kuliko altare.

---

brashi_namba6

Mzee wangu, dada, kaka, nimewasoma mara mbili na nimechukua daftari.

Neno moja la mzee limenifungua: mpangilio. Jana usiku nilijaribu kuichora karamu ya Herode kwa kumbukumbu, kwenye karatasi yenye umbo la ukuta ule, tao chini na dirisha juu. Nimeshindwa mara nne. Meza ikikaa sawa, msichana hana pa kuchezea. Nikimpa nafasi msichana, Yohane anabanwa kwenye kona na hakuna mahali pa upanga kupita. Yule wa karne ya 15 aliweka meza, ngoma na kifo kwenye ukuta mmoja juu ya mviringo wa tao, na mimi niliyesimama chini mita nyingi nilielewa bila kuambiwa.

Katika kazi yangu kupaka ni sehemu ndogo. Nikishapiga uzi, nikagawa ubao, nikajua kila herufi inakaa wapi, mwanafunzi wangu anaweza kumalizia na bango likabaki langu. Aliyekarabati alipita juu ya mistari, lakini ubao ulikuwa umeshagawanywa. Kwa hiyo yule niliyeanza kumpenda yuko pale, ila si mahali nilipokuwa namtafuta.

Bado mstari ule mnene unaniuma, siwezi kusema hauniumi.

Nimeandika barua kwa walinzi wa kanisa kuomba ruhusa ya kukaa na kuchora kwa penseli siku isiyo na ibada. Wamejibu kwamba nije Alhamisi ijayo, nisiegemeze kitu chochote ukutani. Nitaanza na mgonjwa na wafungwa kama dada alivyosema, nikiwa nimeshasoma Tobiti. Chaldon itasubiri mwezi ujao, nauli ya huko ni kubwa kutoka York. Mzee, nikifika mbele ya ngazi ile nisimame umbali gani?

---

chokaa_mbichi

Uko ukuta wa magharibi, na kanisa ni fupi. Nenda mpaka karibu na altare, geuka, utazame kwanza ukiwa huko. Halafu usogee polepole mpaka umfikie yule wa mikoba. Nenda asubuhi yenye mawingu. Jua kali linafuta manjano.